Mbizi Haianzii Majini

Basi linalotoka Kasanga kwenda Sumbawanga halina mabawa, lakini kwa mtu aliyezamia Ziwa Tanganyika asubuhi hiyo, kulipanda ni sawasawa na kupanda ndege. Uso wa ziwa uko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi. Ndege ya abiria ikiwa angani, hewa ya ndani yake hurekebishwa ilingane na ya mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Kwa hiyo barabara ya kupitia Matai, ambayo haifiki hata kilomita 120, humpeleka abiria kwenye hewa ileile ambayo wazamiaji wa dunia nzima hukatazwa kuiingia kabla ya kupumzika saa nyingi.

Vitabu vingi vya uzamiaji viliandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka baharini na kulala ufukweni. Vinapoonya juu ya kupanda mahali pa juu baada ya mbizi, mfano wake huwa ni uwanja wa ndege. Mtu wa Ufipa, nyanda za juu ambako Sumbawanga iko, hahitaji uwanja wa ndege ili apatwe na madhara ya kupanda juu mapema mno. Mlima wake unamtosha.

Chukua kijana wa Sumbawanga anayetamani siku moja kuingia ndani ya meli iliyozama. Shule za fani hiyo ziko Pwani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake, na ada zake si za mchezo. Je, kuna la kujifunza akiwa bado nyumbani? Lipo, tena jingi, na baadhi yake Ufipa inamfundisha vizuri kuliko Zanzibar. Sharti ni moja: nyumbani ajifunze sababu za mambo, na vitendo vyenyewe avisubirie mwalimu.

Kuzamia kwa mtungi kwa burudani kuna uhuru mmoja mkubwa. Mambo yakiharibika, mzamiaji anaweza kupanda moja kwa moja hadi juu. Ndiyo maana anayeanza huwekewa mpaka wa mita 18, aliyeendelea mita 30, na mpaka wa mwisho wa burudani ni mita 40. Uzamiaji wa kiufundi huanza pale uhuru huo unapoisha. Ama mwili umeshanyonya gesi nyingi kiasi kwamba ni lazima mtu asimame njiani wakati wa kupanda, ama juu ya kichwa chake kuna dari: chuma cha meli au mwamba wa pango. Ndani ya meli iliyolala kwenye kina kirefu, yote mawili humkuta kwa pamoja.

Meli zilizozama, na iliyoinuliwa

Watu wa mwambao wa mkoa wa Rukwa hawana haja ya kuhadithiwa habari za meli zilizozama. Kwa miongo mingi waliisubiri Liemba ipite Kipili na Kasanga ikielekea Mpulungu, Zambia, na Liemba yenyewe iliwahi kulala chini ya ziwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwenye makasha hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe. Mafundi waliokuja nayo kutoka kwao walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuiachia ishuke. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya.

Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani, haikuwa na bahati hiyo. Tarehe 9 Februari 1916 ilifukuzwa na kuzamishwa na kikosi kidogo cha Waingereza chini ya Geoffrey Spicer-Simson, kilichokuwa na boti Mimi na Fifi. Fifi nayo ilikuwa boti ya Wajerumani, Kingani, iliyotekwa siku moja baada ya Krismasi ya 1915. Miezi michache baadaye kikosi hicho kilifika Kasanga, wakati huo ikiitwa Bismarckburg, ambako magofu ya ngome ya Kijerumani yangali yanatazama ziwa.

Kilichozitenga meli hizo mbili ni kina cha maji. Götzen ilizamishwa karibu na bandari, mahali ambapo watu wangeweza kuifikia. Hedwig ilizama ziwani kwenyewe, na ziwa hili kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 1,470. Mzamiaji anayeota kuhusu meli za Vita ya Kwanza ya Dunia ajue hilo mapema: meli yenye historia nzuri zaidi huenda iko mahali ambapo hakuna mtungi utakaomfikisha. Ajue pia kwamba mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unayahesabu mabaki yaliyokaa majini kwa angalau miaka 100 kuwa urithi wa kulindwa. Meli za 1916 zimeshapita umri huo. Huendi kuchukua kengele ukaiweke sebuleni.

Kuna meli nyingine ambazo Mtanzania hazikumbuki kwa hamu ya utalii. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, kulikuwa na watu walio hai ndani ya tumbo lake lililoelekea juu. Waokoaji walipotoboa chuma ili wawafikie, hewa iliyokuwa imenaswa ndani ilitoka, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa inaielesha meli. Ikazama. Nia ilikuwa njema na mikono ilikuwa mingi. Kilichokosekana ni kuuliza kwanza hewa ile ilikuwa inafanya kazi gani pale.

Mwaka 2019, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri na mama na mtoto wake wakiwamo. Ilichukua siku 13 kulitoa, kutoka kina cha mita 58. Wakenya walikasirika, na hasira yao inaeleweka. Lakini kwenye mita 58 mgandamizo unakaribia mara saba ya ule wa juu. Mtungi ambao ufukweni ungetosha zaidi ya saa nzima, pale huisha kwa dakika chache. Naitrojeni iliyo kwenye hewa ya kawaida humlevya mtu hadi akashindwa kufanya jambo dogo la mikono. Na kila dakika ya chini hulipiwa kwa dakika nyingi zaidi za kusubiri njiani wakati wa kupanda. Watu waliosimama kwenye gati walihesabu siku, na wazamiaji walikuwa wanahesabu dakika.

Maharage ya Sumbawanga

Mgandamizo ni somo la kwanza, na kwa somo hili jiko la Sumbawanga ni maabara tosha. Maji huku huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Pakiti ya krispi iliyofungwa Dar hufika dukani Sumbawanga ikiwa imetuna. Sababu ni moja. Hewa ya juu ni nyepesi: mgandamizo wa Sumbawanga ni kama asilimia 80 ya ule wa ufukwe wa bahari, na kwenye uso wa Ziwa Tanganyika ni kama asilimia 91.

Chini ya maji mambo hugeuka. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo karibu sawa na wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kadiri mgandamizo unavyoongezeka, ndivyo damu na nyama za mwili zinavyonyonya naitrojeni kutoka kwenye hewa inayovutwa. Hilo peke yake halidhuru. Kasheshe huja wakati wa kurudi juu. Mgandamizo ukipungua polepole, naitrojeni hutoka kupitia mapafu bila mtu kuhisi lolote. Ukipungua ghafla, gesi hutengeneza mapovu ndani ya damu na viungo. Mtu huumwa mabega na viwiko, hufa ganzi, hushindwa kukojoa, na hali ikiwa mbaya miguu hupooza.

Mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, pamoja na wenzake Boycott na Damant, walichapisha mwaka 1908 majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo, baada ya kuwafanyia mbuzi majaribio kwenye chumba cha mgandamizo. Kompyuta ndogo ambazo wazamiaji huvaa mkononi leo zimekua kutoka kwenye wazo hilo: kinachoumiza ni uwiano kati ya mgandamizo uliotoka na ule uliofikia.

Neno uwiano ndilo la kuzingatiwa na mtu wa Ufipa. Majedwali mengi yametungwa kwa ajili ya bahari. Kwenye ziwa lililo juu, hewa inayomsubiri mzamiaji ni nyepesi, kwa hiyo uwiano huwa mkali zaidi kwa kina kilekile. Ukikokotoa kwa kalamu, na ukakumbuka kwamba maji baridi ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, mbizi ya mita 30 Tanganyika inapaswa kuhesabiwa kama ya mita 32 au 33 baharini. Kuanzia mwinuko wa mita 300, wazamiaji huacha majedwali ya bahari na kutumia ya miinuko. Kompyuta nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe, ila za zamani husubiri mtu azirekebishe, na asiyejua hilo hutoka majini akidhani yuko salama.

Halafu kuna mlima. Kutoka uso wa ziwa hadi Sumbawanga, mgandamizo hupungua kwa asilimia 12 hivi. Naitrojeni iliyobaki mwilini, ambayo ingetoka taratibu kama mtu angelala Kasanga, hupata nafasi ya kuwa mapovu akiwa kwenye kiti cha basi. Mwongozo unaotumiwa na wengi kabla ya kuruka na ndege ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo, saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo, na zaidi ya hapo, ambapo wengi huhesabu siku nzima, baada ya mbizi zenye vituo. Mwongozo huo ulitungwa kwa miinuko ya kati ya mita 600 na 2,400. Sumbawanga imo.

Kuteremka hakuna neno. Anayetoka Sumbawanga asubuhi na kuzamia mchana hana deni, kwa kuwa mwili wake umeshuka na naitrojeni kidogo kuliko wa mwenyeji wa ziwani. Deni huanza akitaka kurudi nyumbani kwa chakula cha jioni.

Hesabu ya mtungi

Somo la pili ni la daftari. Mtungi wa lita 12 uliojazwa vizuri hubeba kama lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu akiwa juu hutumia lita 20 kwa dakika, kwa hiyo mtungi ungemtosha saa mbili. Baharini kwenye mita 30, ambako mgandamizo ni mara nne, hutumia lita 80 kwa dakika, na zile saa mbili zinakuwa nusu saa.

Wanaoingia ndani ya mapango na meli hufuata kanuni ya theluthi: theluthi moja ya hewa kwa kwenda ndani, ya pili kwa kutoka, ya tatu ya dharura. Kwa mtungi wetu, hiyo ni lita 800 za kwenda, sawa na dakika 10. Sasa chukulia kwamba mmefika mwisho wa safari, na hewa ya mwenzako inakatika. Umebakiwa na lita 1,600. Mkipumua wawili kwenye mtungi mmoja, mnatumia lita 160 kwa dakika, nazo zinawatosha dakika 10, yaani hadi mlangoni pa meli, mkiwa bado mita 30 chini ya maji na mtungi ukiwa mtupu. Hapo tumechukulia kwamba wote wawili mnapumua kwa utulivu, jambo ambalo mtu aliyekosa hewa gizani halifanyi.

Ukiipiga hesabu hiyo mwenyewe mara mbili tatu, utaona kwamba theluthi ni kiwango cha chini kabisa. Hewa ya kupandia lazima itengwe kwanza, na theluthi zikatwe kwenye kinachobaki. Utaona pia kwa nini wazamiaji wa kiufundi hubeba mitungi miwili mgongoni na mingine ubavuni, na kwa nini kwenye vina virefu huchanganya heliamu ili kupunguza ulevi wa naitrojeni. Mtu aliyefika darasani akiwa ameyatambua hayo kwa kalamu yake haoni masharti ya mwalimu kuwa ni usumbufu.

Kamba, giza na mikaratusi

Mwaka 1979, mzamiaji wa mapango wa Marekani, Sheck Exley, alichapisha kijitabu kilichochambua vifo vya mapangoni kimoja baada ya kingine. Sababu kubwa zilijirudia: waliokufa hawakuwa na kamba isiyokatika kutoka mahali walipo hadi mlangoni, hawakutunza hewa ya kutosha ya kurudia, au walikwenda kina kilichowazidi. Kijitabu hicho kilihusu mapango, lakini meli iliyozama haina huruma kuliko pango. Kutu na tope hutulia ndani yake kwa miaka mingi. Mapovu ya mzamiaji yakigonga dari, kutu huporomoka, na teke moja la pezi likigusa sakafu, tope hupanda. Mahali palipokuwa na mwanga huwa usiku ndani ya sekunde chache.

Ujuzi wa kamba hauhitaji maji ili uanze kueleweka. Nenda kwenye mikaratusi iliyo nyuma ya shule, au omba darasa tupu siku ya Jumamosi. Funga kamba nyembamba mahali penye uwazi, nje ya mlango, kisha ifunge tena ndani kidogo, halafu endelea ukiizungusha kwenye nguzo au madawati, daima ikiwa imekaza. Kamba iliyolegea humnasa mwenyewe. Ukifika mwisho, jifunge kitambaa machoni na urudi kwa mkono mmoja, vidole vikiizunguka kamba bila kuivuta. Mwenzako akufuate akiwa amekushika mkono wa juu, na mpatane ishara za kubana: moja ya kwenda, nyingine ya kusimama, nyingine ya kurudi. Mkilifanya bila kusema neno, mtaona jinsi mtu mwenye akili timamu anavyopoteza mwelekeo ndani ya chumba alichokisomea miaka saba.

Zoezi hilo si leseni ya kuingia popote. Kazi yake ni kuondoa majivuno mapema, mahali ambapo kosa humalizika kwa kicheko.

Walimu wasiolipwa ada

Wavuvi wa Kasanga, Kipili na Kirando hawafundishi mitungi, ila ziwa wanalijua. Wanajua upepo wa kusi unaovuma miezi ya kiangazi na jinsi unavyobadili maji. Wanasayansi wanaeleza kwamba upepo huo husukuma maji ya vuguvugu ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya baridi ya chini yakapanda upande huu wa kusini. Mvuvi hulijua hilo kwa samaki, kwa mahali dagaa na migebuka walipohamia. Anajua ghuba zenye mamba na midomo ya mito yenye viboko. Anajua zaidi ya yote mahali ambapo nyavu hunasa. Sehemu nyingi duniani, meli zilizopotea zilianza kugunduliwa hivyo: wavuvi walilalamika kwa miaka kwamba kuna kitu chini kinakula nyavu zao.

Nyavu hizohizo ni hatari ya kwanza ya meli iliyozama. Nailoni haiozi haraka, na haionekani kwenye maji yenye tope. Mzamiaji wa meli hubeba vikatio viwili, kila kimoja mahali ambapo mkono wowote utakifikia. Kijana aliyewahi kukaa mtumbwini akinasua nyavu usiku anaelewa kwa nini viwe viwili.

Yasiyojaribiwa

Pana jambo ambalo mzoefu wa ziwa anapaswa kulisahau. Tangu utoto amezoea kuvuta pumzi, kuibana, kuzama na kuibuka nayo. Kwa mbizi ya mikono mitupu hilo ni sahihi. Kwa mtungi linaua. Hewa iliyovutwa chini ina mgandamizo wa kule chini, na inapopanda hutanuka. Aliyebana pumzi anaweza kupasuka mapafu kwa kupanda mita chache tu, hata kwenye maji ambayo angeweza kusimama. Hii ndiyo sababu ya kutoazima mtungi na regyuleta (kifaa cha kupumulia) ya mgeni "kujaribu kidogo". Kina kifupi hakimlindi asiyefundishwa.

La pili ni kompresa. Kuna watu wanaozamia kwa mpira unaoletewa hewa na kompresa iliyotengenezwa kwa kujazia matairi au kupigia rangi. Mashine hiyo haikutengenezwa kuchuja mafuta, na moshi wa injini yake ukiingia kwenye mpira huleta kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Aliye chini haoni kitu. Hulala tu.

La tatu ni dari. Mlango wa meli uliojaa mwanga huonekana kama mwaliko, na aliyeingia hatua tatu bila shida huamini ya nne ni kama ya tatu. Uzamiaji wa kawaida haumpi mtu ruhusa ya kuingia, hata akiwa na mbizi mia moja. Kuitazama kutoka nje, kuelea juu ya sitaha bila kuigusa, kujua upande wa mbele na wa nyuma kwa kusoma umbo lake: huo tayari ni ujuzi, na ndio unaotangulia.

Hospitali iko juu

Mapovu yakishamkuta mtu, huduma ya kwanza ni oksijeni safi, kulazwa chali, na maji ya kunywa kama ana fahamu. Hazamishwi tena ili "aponye". Tiba kamili ni chumba cha mgandamizo, ambacho humrudisha mgonjwa kwenye mgandamizo mkubwa na kuupunguza taratibu kwa saa kadhaa. Vyumba hivyo viko Pwani.

Sasa tazama ramani ya Rukwa kwa jicho la mgonjwa aliye Kasanga au Kipili. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Sumbawanga. Ili kumfikisha, unampandisha mita 1,000, na kwa kila mita unampunguzia mgandamizo aliokuwa anauhitaji. Barabara zote zinazotoka ziwani hupanda. Kinachobaki kwenye usawa uleule ni ziwa lenyewe, na boti huenda polepole. Daktari mwenye busara atasema mgonjwa abaki chini kwa oksijeni hadi ushauri upatikane, au akilazimika kupandishwa, asivuliwe barakoa ya oksijeni njiani. Shirika la DAN, linalohudumia wazamiaji kimataifa, lina simu ya dharura ya saa zote kwa ushauri wa namna hiyo, na namba yake huandikwa kabla ya safari.

Suala hili halihusu watalii peke yao. Bandari ya Kasanga imepanuliwa, na penye gati pana kazi za chini ya maji: kukagua nguzo, kunasua kamba kwenye mapangaboi ya meli, kutafuta kilichotumbukia. Anayefanya kazi hiyo Ijumaa na kupanda kwenda kwao Sumbawanga jioni anastahili kuambiwa. Na zahanati ya mwambao yenye mtungi wa oksijeni uliojaa na muuguzi anayejua ugonjwa huu ina thamani kuliko gari la wagonjwa linalokimbia kupanda mlima.

Ukifika darasani

Njia iliyonyooka huanza na kuogelea kwa uhakika, kisha kozi ya kwanza, kisha ya juu, kisha ya hewa iliyoongezwa oksijeni. Kozi za kiufundi huhitaji mtu wa miaka 18, na nyingi hudai aje na mbizi 25 au 30 zilizoandikwa kwenye daftari. Mbizi hizo zisiwe za kujaza kurasa. Zitumike kujifunza kuelea bila kupanda wala kushuka, mwili ukiwa umelala sambamba na sakafu, miguu ikipiga bila kutibua tope. Shirika la GUE lina kozi nzima ya mambo hayo tu, na wazoefu wengi wamewahi kuifeli.

Meli za kujifunzia zipo. Karibu na Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya iliyozama mwaka 1902, ambayo iko kwenye mita 12 hivi na imegeuka makazi ya samaki. Kaskazini mwa Mombasa kuna Dania, iliyosafishwa na kuzamishwa kwa makusudi mwaka 2002 kwenye mita 30 hivi. Ya kwanza ni ya kutazamwa mchana kutwa. Ya pili ni ya kuikaribia ukiwa na mwalimu, na hesabu zako mkononi.

Kabla hujalipa ada, muulize mwalimu maswali. Ananunua wapi hewa, na kichujio cha kompresa hubadilishwa lini? Oksijeni ya dharura iko botini au imebaki ofisini? Ameshawahi kuahirisha mbizi wateja wakiwa wameshalipa, na kwa sababu gani? Kisha mwulize la kwenu: nikizamia Kasanga mara mbili kwa siku, siku tatu mfululizo, nitapanda lini kwenda Sumbawanga? Mwalimu wa Pwani huenda hajawahi kuulizwa hilo. Akichukua karatasi na kuanza kukokotoa, lipa ada. Akikwambia barabara si ndege, tafuta mwingine.